Milango Arobaini na Moja

4 Februari

Mdogo wangu,

Wiki hii nimeshika simu mara tatu nikupigie, na mara tatu nimeirudisha mezani. Kwenye simu mimi na wewe tunaulizana kama mvua imenyesha, tunasema haya, wasalimie wote, basi. Nimeona niandike. Barua mtu anaweza kuiacha, akaenda kupika, akairudia.

Mimi mzima. Duka ni lile lile, ngazi bado inayumba, na watu bado wananiita Rangirangi. Kazi za mabango zimepungua kwa sababu kila kitu siku hizi kinachapwa kwa mashine, ila kinyozi na mwenye duka la dawa hawajanitupa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kuna mwalimu wa sanaa amehamia hapa, mwanamke mwenye sauti ndogo na ukaidi mkubwa. Unalikumbuka ghala la nafaka, pale mtaa wa Juu unapokutana na mtaa wa Chini. Ukuta wake unaotazama barabara umekaa miaka mitano na matundu ya risasi, na hakuna aliyethubutu kubandika hata tangazo. Mwalimu amepata ruhusa uchorwe. Anataka nyuso za wote waliokufa siku zile, wa Juu na wa Chini, zikae pamoja bila kutenganishwa. Alinijia, nikamkatalia. Akaja tena, nikamwambia mgongo unaniuma. Mara ya tatu alikuja na mama mmoja wa Chini, muuza maziwa, ambaye wote tunamwita Mama Maziwa. Alikuwa na picha ya kitambulisho ya mwanawe, ndogo kama kucha ya dole gumba. Hakuniomba kitu. Aliiweka kati ya makopo yangu ya rangi akasema, "Mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko hapo. Hapo aliubana." Nikashindwa kukataa.

Sasa ni wiki ya tatu. Nachora kuanzia asubuhi mpaka jua linapoupiga ukuta. Wenye wafu wao huja wakakaa kwenye viti vya plastiki nyuma yangu, na mwalimu huwauliza: alikuwa akicheka vipi, alipenda kuvaa nini, alikuwa mchokozi? Wao wanaongea, mimi nachora. Juzi mke na dada wa marehemu mmoja walibishana kama alikuwa na kipara. Mke akasema hakuwa nacho kabisa. Dada akasema alikuwa nacho tangu kabla hajamwoa, ila alikuwa akivaa kofia. Tulicheka, mdogo wangu. Watu walicheka pale kwenye ukuta ule. Kisha mke akaanza kulia, na hakuweza kuacha.

Ninachokuomba ni picha ya shemeji, mumeo. Nimemwekea nafasi nzuri, usawa wa macho, mahali pasipopigwa sana na jua.

Nisalimie mpwa wangu.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, nikiwa nimeketi kwenye cherehani, nikashona kola ya sare ya shule nje ndani. Msimamizi alinitazama tu. Tuko cherehani thelathini kwenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mtu akikosea wote husikia jinsi anavyofumua.

Picha sina. Nyumba ilivyoungua unajua kilichobaki. Na hata ningekuwa nayo, nisingekutumia. Mume wangu hajafa. Hakuna aliyeniletea shati lake. Hakuna aliyeniambia, nilimwona akianguka. Alichukuliwa, na mtu aliyechukuliwa anaweza kurudishwa. Shuleni kwa binti wana fomu yenye mstari wa baba, na mbele yake visanduku viwili: yupo, hayupo. Kila mwaka naweka alama kwenye yupo. Karani ameshazoea, haniulizi tena. Ukimweka mume wangu kwenye ukuta huo utakuwa umemzika wewe, na mimi sikukutuma. Nafasi hiyo mpe mwingine.

Binti ana miaka kumi na mmoja sasa. Anasoma vizuri, anajibu vibaya.

Nina swali moja, na kama hutaki usijibu. Wewe ulichora ng'ombe kwenye ukuta wa shule ukachapwa, na kesho yake ukarudi ukamwongezea mkia. Huyo mwalimu ulimkatalia mara mbili kwa nini? Mgongo wako haujawahi kuuma.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuelewa. Nafasi ya shemeji nimeiacha wazi. Nimeipaka chokaa nikaiacha hivyo, na mtu akiuliza nasema bado.

Kuhusu mgongo, nazeeka, ndiyo maana.

Hapa tumekuwa na kisirani. Seremala wa kule Juu, yule aliyetengeneza madawati ya shule, alileta picha ya mwanawe aliyeuawa Chini, sokoni. Mwalimu aliona nafasi iliyofuata ni ya kando ya mwana wa Mama Maziwa, akaniambia nichore hapo. Asubuhi Mama Maziwa alifika na makopo yake, akamwona kijana wa seremala ameanza kutokea, nusu uso. Akauliza huyo ni nani. Akaambiwa. Aliweka makopo chini akasema mwanawe hatalala karibu na mtoto wa watu waliomuua. Seremala naye alikuwepo. Akasema na wake pia hatalala hapo, futa.

Nikabaki na brashi mkononi. Mwalimu hakuwasihi. Alivuta viti viwili akaviweka mbele ya ukuta, akamwomba kila mmoja aseme jambo moja tu ambalo mwanawe alikuwa hawezi kulifanya vizuri. Mwisho seremala akasema wake alikuwa hawezi kupiga msumari ukaingia sawa, mtoto wa seremala mzima. Mama Maziwa akasogeza makopo yake miguuni. Kisha akasema wake alikuwa hajui kupiga mluzi, alikuwa anatoa upepo mtupu. Hawakupeana mikono, wala hawakutazamana. Lakini hakuna aliyeniambia tena nifute, nikamaliza ule uso.

Wananishukuru sana, mdogo wangu. Wananiletea chai, wananifutia ngazi. Mama Maziwa ananiwekea kikombe cha maziwa kila siku na anakasirika nisipokimaliza. Nikirudi nyumbani sili.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa kutokula.

Wiki iliyopita binti aliniuliza baba yake alikuwa na sura gani. Wakati ule alikuwa na miaka sita, anakumbuka magoti yake na harufu ya mafuta ya saa, basi. Nikaanza kumwambia, na katikati nikakwama. Tangu hapo sina amani. Kwa hiyo nakuandikia uso wake. Si kwa ajili ya ukuta. Mchore kwenye karatasi, unitumie.

Anza na paji: pana, lenye mikunjo miwili tu, wa juu mrefu. Nyusi ya kushoto imekatika katikati kama njia iliyovuka nyasi. Jicho la kulia ni dogo kuliko la kushoto. Hakuzaliwa hivyo, ni miaka ya kubana lenzi ya ufundi wake wa saa, mpaka jicho likazoea kukunjika hata akiwa anakula. Chini ya jicho hilo pana alama ya duara, hafifu. Masikio yametoka. Binti ameyarithi na ananilaumu mimi. Pua usiifanye nzuri, ilikuwa ya kawaida. Jino moja la mbele limempanda mwenzake, ndiyo maana akitabasamu alikuwa anafunga mdomo, na akisahau anaufungua. Mchore akiwa amesahau. Akikusikiliza alikuwa anainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza saa iliyosimama.

Kidevu sikikumbuki. Nimekitafuta siku nne. Nimefumba macho kwenye cherehani, nimefumba macho kwenye foleni ya maji. Kaka, nimesahau kidevu cha mume wangu. Weka utakachoona kinafaa. Wewe pia ulikijua.

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kama uko kazini, ikunje barua hii uisomee nyumbani.

Jumanne alikuja dereva mmoja wa malori, mtu wa huku kwetu Juu. Alisimama nyuma ya viti muda mrefu, kofia mkononi. Mwalimu alidhani ana picha, akamkaribisha. Akasema hana picha, ana maneno. Akatusimulia mbele ya wote kwamba siku ile ya Ijumaa alibebeshwa watu ishirini na tatu nyuma ya lori, wanaume watupu, akaamriwa aende machimbo ya mawe, nyuma ya kilima. Alipofika akaamriwa azime injini na angoje. Alirudi na lori tupu. Hajawahi kumwambia hata mkewe.

Aliwataja aliowafahamu. Wa nne alikuwa fundi saa. Alimjua kwa sababu aliwahi kumtengenezea saa yake ya mkono. Anasema fundi saa alikaa nyuma ya kichwa chake, kwenye kile kidirisha cha nyuma ya kiti cha dereva, na njiani alimuuliza jambo moja tu. "Aliniuliza kama barabara ya kusini iko wazi," dereva alisema. "Nikamwambia asubuhi ilikuwa wazi. Akasema, basi wamepita." Hakuongea tena mpaka walipofika.

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza. Mwalimu ameyaandika pia, dereva ameweka sahihi, na yamepelekwa kwa wanaohusika ili machimbo yafunguliwe.

Mchoro uko ndani ya bahasha, kati ya makaratasi mawili magumu usikunjike. Kidevu nimekichora kama nilivyokikumbuka, chenye kishimo kidogo. Kama sicho, nisamehe.

Kuna mengine, lakini hayawezi kukaa kwenye barua moja na haya.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Ndicho. Kishimo kile ndicho.

Nimemwambia binti. Aliniuliza kama hao waliopita ni sisi. Nikamwambia ndiyo, ni sisi. Akaenda kuosha vyombo, akaviosha mara mbili.

Msimamizi amenipa siku tatu. Nimekaa kitandani na viatu mguuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kwa yeye kurudi akiwa na mke mwingine. Kwa hili sikuwa nimejiandaa, nikasahau kwamba ndilo lililokuwa karibu zaidi.

Hayo mengine yaandike.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Safari hii sitachana.

Ijumaa ile asubuhi walikuja wanaume wanne dukani kwangu na orodha. Ilikuwa orodha ya nyumba za watu wa Chini waliokuwa wanaishi huku Juu. Walitaka kila mlango uwekewe alama, mistari miwili iliyokatana, nyekundu, na walitaka iwe safi ili atakayekuja nyuma yao asikosee nyumba. Ndiyo maana walinitaka mimi. Rangi ilikuwa yangu. Sikupigwa, nataka ulijue hilo. Hawakunigusa hata bega. Walisema tu nikikataa, basi mlango wangu utaongezwa kwenye orodha, na nilipoikagua ile orodha nikaona kuna nafasi chini.

Nilipaka milango arobaini na moja. Niliihesabu wakati nafanya kazi, kwa mazoea tu, kama ninavyohesabu mabango.

Mlango wako, kwa kuwa shemeji ni mtu wa Chini, ulikuwa wa kumi na tisa. Uliniambia mtaondoka Alhamisi. Nilipoingia mtaani kwenu nikajiambia, leo ni Ijumaa, wameshakwenda, napaka mlango wa nyumba tupu. Nikapiga mstari wa kwanza. Hapo nikazisikia saa za shemeji, zile za ukutani, zinavyogonga zote kwa pamoja kama mvua kwenye bati. Nikajiambia saa zinaweza kugonga kwenye nyumba tupu. Kisha moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Kuna mtu ndani alikuwa anazizima kwa mkono, moja baada ya nyingine, ili nyumba isisikike.

Wale wanne walikuwa mbali kidogo, kwenye lango la jirani, wanavuta sigara. Ningeweza kugeuka nikawaambia, hapa pako tupu, hawa waliondoka jana, tusipoteze rangi. Wangeniamini. Mimi ndiye shemeji wa nyumba ile, nani angejua zaidi yangu? Yalikuwa maneno machache. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikapiga mstari wa pili, nikaenda mlango wa ishirini.

Sikuandikii unisamehe. Nakuandikia kwa sababu watu hawa wananiletea maziwa.

Ndugu yako


15 Juni

Kaka,

Aliyezizima saa ni mimi.

Nilikuwa nyuma ya dirisha la sebuleni, pale mbao zilipoachana. Nilikuona. Niliona shati lako la kazi lenye doa la kijani begani, nilikushonea mimi lile shati. Niliona unavyorudi hatua moja nyuma kutazama kama mistari imenyooka. Hata usingekuwa na sura ningekujua kwa hiyo hatua.

Hatukuondoka Alhamisi kwa sababu binti alikuwa na homa kali. Ijumaa ile baba yake alikuwa chini ya meza amempakata, amemwekea kitambaa cha maji kichwani. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Ni nani huyo mlangoni?" Nikamwambia, "Simjui."

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Miaka mitano sasa nalitazama. Ningemwambia ni shemeji yako, angeinuka. Alikupenda, unajua alivyokupenda. Angefungua dirisha akuite kwa jina. Labda ungeshindwa kufanya mbele ya uso wake ulichofanya mbele ya mbao. Labda wale wanne wangetuona wote watatu na leo nisingekuwa na binti. Sijui. Lakini sikusema simjui kwa sababu ya kufikiri hayo. Nilisema kwa aibu. Sikutaka mume wangu ajue kaka yangu ni mtu wa namna gani. Muda mfupi baadaye tukasikia wengine wanakuja, akanipa mtoto, akaenda kufungua mlango wa mbele mwenyewe ili sisi tupate nafasi ya kutokea nyuma. Alikwenda bila kujua. Nilimnyima hilo.

Nimekungoja uniambie. Kila uliponipigia ukauliza kama mvua imenyesha, nilidhani unajikusanya. Ulipoomba picha nilidhani sasa anasema. Ulipoandika umezeeka nilichukia mpaka nikaogopa. Na bado nilikuomba mchoro, kwa sababu sina mwingine anayejua kuchora. Binti ameubandika juu ya meza yake. Nakaa nautazama, na kila nikiutazama nauona uso wake na mkono wako kwa pamoja, na siwezi kuvitenganisha.

Nataka kitu kimoja. Waambie. Waambie wote wanaokaa kwenye vile viti, Mama Maziwa kabla ya wote. Dereva aliweza. Kabla hujawaambia, brashi yako isiguse nafasi ya mume wangu.

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Nimewaambia.

Nilifanya Jumamosi, siku wanayokuwa wengi. Nilishuka ngazini nikawageukia. Sikusema vizuri. Nilianza na orodha, nikarudi kwa wale wanne, nikasema idadi. Mtu wa nyuma akaniomba nirudie idadi. Nikairudia.

Mama Maziwa alikuwa ameshika kikombe changu. Aliuliza, "Mwanangu alikuwa amepanga chumba kule Juu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mlango wa bluu. Na huo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema naukumbuka kwa sababu nyekundu haikushika juu ya bluu, ikabidi niipake mara mbili. Sijui kwa nini niliona lazima alijue na hilo. Alimwaga maziwa chini taratibu, akafunga kikombe kwenye kitambaa, akaondoka.

Seremala ndiye aliyenishangaza. Yeye ni wa Juu, milango yangu haikumdhuru. Alinijia karibu akasema, "Ungenyamaza tu, mzee. Tulikuwa tumeanza kupata usingizi." Mwalimu alizikusanya brashi zangu mwenyewe, akazisafisha, akaziweka kwenye ndoo, akaniambia niende nyumbani. Sauti yake haikupanda.

Jumatatu Mama Maziwa alikuja na brashi ya waya na ndoo ya maji. Alimsugua mwanawe ukutani kuanzia nywele mpaka shingo, hakuacha hata nukta. Wengine wakamfuata. Kufikia adhuhuri nyuso tisa zilikuwa zimeondoka, na nyingine zikafuatia siku hiyo hiyo, hata za watu ambao sikupaka milango yao. Wanasema hawawezi kuwatazama wapendwa wao wakijua ni nani aliyewachora. Nami nawaelewa. Nilipita kwa mbali. Ukuta una mabaka meupe kama ngozi iliyoungua.

Kinyozi ameteremsha bango lake. Nakaa dukani mlango ukiwa wazi, maana nimeona kuufunga ni kujificha. Watu wanapita, hawasalimu. Mmoja aliingia, akasimama akanitazama mpaka alipochoka, akatoka.

Ulifanya haki kuniambia niseme. Nilitaka tu ujue kwamba ukuta umeharibika, na kwamba mume wako hayumo, kama ulivyotaka.

Ndugu yako


24 Julai

Kaka,

Ukuta haujaharibika. Najua zaidi yako, kwa kuwa wewe unapita kwa mbali. Mwalimu ameniandikia, anwani yangu aliipata kwenye karatasi za machimbo.

Anasema wiki mbili baada ya kumfuta, Mama Maziwa alirudi. Aliomba rangi. Mwalimu akamuuliza anamtaka mchoraji gani aitwe, kutoka mji gani. Akasema hamtaki mchoraji. Alipanda mwenyewe, hajawahi kushika brashi maishani, na alichora siku nne. Mwalimu ananiambia macho hayako usawa, sikio moja liko karibu na shingo, na mdomo umejaa nusu ya uso. Wapita njia walisimama kutazama, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza alishuka akasema, "Hafanani naye. Lakini nimemchora mimi." Seremala alikuwa amemshikia ngazi muda wote. Hakuna aliyemwomba.

Sasa kila mtu anachora wake. Kuna nyuso kama viazi, mwalimu anasema, na watu wanazipenda hivyo hivyo. Wakiishiwa njia humuuliza yeye, na mara nyingine wanauliza Rangirangi alikuwa anachanganyaje rangi ya ngozi, kisha wananyamaza. Binti anataka kuja kumchora baba yake. Ameanza kufanya mazoezi ya masikio. Nimekubali.

Lakini si hilo ninaloandikia. Nimeitwa machimboni. Wamefungua, na tarehe tisa ya mwezi ujao wenye watu wao wanatakiwa kwenda kutazama nguo na vitu vilivyopatikana, waseme kipi wanakitambua. Karatasi inasema mtu asije peke yake. Inasema aje na ndugu. Nilikaa na karatasi hiyo nikawahesabu ndugu zangu. Mama hayupo, baba hayupo. Upande wa mume wangu hakubaki mtu. Nilihesabu tena kana kwamba kuna niliyemsahau. Nina wewe.

Sijakusamehe. Sijui kama hilo ni jambo linalokuja au haliji, na sitaki uniulize, si siku hiyo wala baadaye. Mimi mwenyewe sijui nitamwomba nani anisamehe kwa lile neno langu moja. Ila siwezi kusimama mbele ya nguo za mume wangu na mtu baki.

Basi letu linafika saa tatu asubuhi. Simama upande wa pili wa barabara, tutavuka sisi. Usinibebee mzigo. Binti hajui ulichofanya, nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoweza. Anakukumbuka kama mjomba aliyemchorea paka kwenye daftari, na akikuona atakukimbilia. Akikukumbatia, mwache akukumbatie.

Kutoka barabarani mpaka machimboni tutatembea, wanasema ni nusu saa. Usiongee mpaka nikuongeleshe. Tukifika, vikiwekwa mezani vile vitu, nitatazama mimi, si wewe. Na kama miguu yangu itakataa, nishike mkono. Nishike kwa mkono wa kushoto, ule usiochorea.

Mdogo wako